Pombe imemchukua ndugu yetu: maswali ambayo wafiwa hutuuliza

Kaka yangu mkubwa alifariki akiwa na miaka 44. Tulilelewa kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, ambako Wadama, Wateso, Wasamia na Wanubi waligombana na kupatana kwa Kiswahili, na mpaka leo nikimlilia namlilia kwa Kiswahili. Tangu tumzike, wafiwa wengine wamekuwa wakija nyumbani kwa mama, mmoja mmoja, jioni giza likiingia. Wanakaa kidogo, wanakunywa chai, halafu wanauliza lile ambalo hawakuthubutu kuliuliza matangani. Maswali yanafanana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu tunayowapa. Mimi si daktari wala wakili. Ya hospitali na ya sheria nimeyauliza kwa wanaoyafahamu.

Ni ugonjwa uliomuua, au alijiua mwenyewe?

Ni ugonjwa. Najua wajomba na mashangazi hawalipendi jibu hili, maana walimwona akienda kilabuni kwa miguu yake, tena kwa hela ya kuazima. Hata mimi nilimwona. Lakini nilimwona vilevile saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajapata kitu. Mama alimpa chai kwenye kikombe cha bati, mikono ikatetemeka hata chai ikamwagikia mapajani. Akakiweka kikombe mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akainama akanywa kwa mdomo kama ndama. Halafu akageukia ukutani asikutane na macho ya mama. Mtu mwenye hiari yake hanywi chai namna ile.

Pombe hupoza ubongo. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoeza kuvuta upande wa pili ili usizimike, kama watu wanaovutana kamba. Siku pombe inapokosekana, upande mmoja umeiachia kamba na ule mwingine bado unavuta kwa nguvu zote. Hapo ndipo unapoona mitetemo, jasho, moyo kwenda mbio, woga usio na sababu. Funda moja la waragi, ile pombe kali yetu ya kienyeji, linayaondoa yote. Kwa hiyo ile ya asubuhi hainywi kwa raha, anaimeza kama dawa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa pombe kwenye orodha yake ya magonjwa.

Alianza kwa hiari, ndiyo. Tulianza naye. Tulizunguka chungu kimoja cha malwa, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake, siku za Krismasi, siku za mahari, baada ya mavuno ya wimbi. Sisi tuliinuka tukaenda kulala, yeye akabaki. Tafiti zilizofanywa kwa mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kuwa mraibu anazaliwa nayo. Iliyobaki inatoka kwenye umri alioanza kunywa, machungu aliyoyapitia, na urahisi wa kuipata. Babu yetu mzaa baba alikufa vivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia, na kutoambiwa huko nimekuja kukuchukia.

Alipokata roho nilipumua. Je, mimi ni mtu mbaya?

Hapana, na si wewe peke yako. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, mara nyingi na wajane na mabinti.

Fikiria ulivyoishi. Kila simu ya usiku, kabla hujapokea, umeshamwona kwenye mtaro. Kila bodaboda ikisimama mlangoni unasikiliza kama anashushwa au anabebwa. Umeficha hela ya karo kwenye gunia la mihogo mikavu. Masikio yako hayajalala miaka kumi. Siku anapokufa, masikio yanalala. Nafuu hiyo ni ya mwili uliochoka, na haina ugomvi na mapenzi uliyokuwa nayo kwake.

Jambo lingine: msiba wenu haukuanza siku ya jeneza. Mimi nilimlilia kaka mara ya kwanza mwaka aliouza cherehani ya mama. Nilikaa jikoni nikalia kama aliyefiwa, na kweli nilikuwa nimefiwa, maana yule kaka aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa stesheni hakuwapo tena ndani ya yule mtu. Ndiyo maana wengine mazishini machozi hayatoki. Waliyamaliza zamani. Kwa wengine huja baadaye, mwezi wa tatu, wa nne, unanunua sabuni dukani mara unasikia mtu anakohoa kama yeye.

Hasira nayo ina haki ya kukaa. Unaweza kumpenda marehemu na kumkasirikia kwa pumzi moja. Ila kama fikra zako zinafika mahali pa kutaka kumfuata, usikae nazo peke yako usiku huo. Mwamshe mtu, na asubuhi mwende hospitali. Huko kuna wahudumu wa afya ya akili, na hutakuwa wa kwanza kwenda kwa jambo hilo.

Tulimfungia ndani ili aache. Alikufa siku ya tatu. Ni sisi tuliomuua?

Familia tatu zimetuuliza hili. Moja ilikuwa imetumia kufuli mpya, na baba mwenye nyumba bado anautembeza ule ufunguo mfukoni.

Nitasema ukweli wote, maana nusu ya ukweli haimsaidii mtu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla bila dawa, anaweza kufa. Mitetemo na jasho huanza saa chache baada ya funda la mwisho. Kifafa kinaweza kumpiga ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na waliokufa, homa inapanda, moyo unakimbia mpaka unashindwa. Wanaotazama kwa nje husema mapepo yanamtoka. Hospitalini mtu huyu hupewa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi ni diazepamu, ikipunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1 na maji ya mshipa. Kwa njia hiyo wengi hupona.

Je, mlijua? Hamkujua. Kijiji kizima hakikujua. Mchungaji alisema mfungieni, jirani akasema mfungieni, mjumbe wa LC, baraza la kijiji, akaleta kamba. Mlifunga mlango kwa sababu mlitaka awe hai. Mtu anayetaka ndugu yake afe humwachia tu hela ya waragi.

Ninachowaomba ni kitu kimoja: hadithi hii msiizike pamoja naye. Isimulieni. Katika mtaa wenu leo kuna familia inayotafuta kufuli.

Kwenye mazishi tuseme amekufa kwa nini?

Hapa ndipo familia hugawanyika, na hapa nina msimamo.

Mnajua desturi yetu: kabla ya jeneza kushuka, mtu anasimama na karatasi anasoma historia ya marehemu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Ikifika sehemu ya ugonjwa, sauti inashuka. "Ameugua kwa muda mrefu." "Ilikuwa presha." Umati mzima unajua, na kila mmoja anatazama viatu vyake. Halafu anakuja mzungumzaji mwingine, labda mwanasiasa, labda mhubiri, anasema kile familia ilichokificha, tena kwa dharau, anawanyooshea vidole vijana waliokaa nyuma: "Mmeona mwisho wa ulevi?" Jeneza linageuzwa ubao wa kufundishia. Mama yake yuko pale, amekaa kwenye mkeka, anasikia.

Sisi tulichagua kusema wenyewe kabla hajasema mwingine. Shemeji yangu alisoma hivi: "Ndugu yetu aliugua uraibu wa pombe kwa miaka 15. Alijaribu kuacha mara nne. Mara moja alikaa miezi 11. Ugonjwa ulimharibu ini, na ini ndilo lililomuua." Sentensi nne. Uwanja ulinyamaza nikasikia turubai likipigwa na upepo. Kisha akaendelea: kwamba kaka alikuwa fundi wa breki aliyefuatwa na madereva kutoka Malaba mpakani, kwamba alimsomesha mpwa wake mpaka darasa la saba, kwamba ndiye aliyekuwa akimpikia mama uji alipovunjika mguu. Baada ya hapo hakuna mhubiri aliyekuwa na la kuongeza. Na jioni ile wanaume wawili walimfuata shemeji nyuma ya nyumba, wakamuuliza mtu anaanzia wapi.

Kama hamwezi kuyasema hadharani, sawa, msilazimishane siku ya msiba. Lakini nendeni mkaongee na kiongozi wa dini usiku wa kuamkia mazishi. Mwambieni kwa heshima: "Baba, tunaomba usimhubiri marehemu, utuhubirie sisi tuliobaki." Wengi wao wakiombwa hukubali.

Anaweza kunyimwa maziko ya dini?

Mapadri na wachungaji wa kwetu wamewazika wengi waliokufa kwa pombe; sijaona familia ikigeuzwa mlangoni kwa sababu hiyo pekee. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wanasema Muislamu aliyekufa akiwa na dhambi yake anaoshwa, anavikwa sanda na kuswaliwa kama wengine. Imamu mkubwa anaweza kukaa kando ili iwe onyo kwa walio hai, lakini jamaa na majirani hawazuiwi kumswalia. Akikataa mmoja, ulizeni kwa mwingine kwa adabu, wala msiugeuze msiba kuwa ugomvi wa msikiti.

Wazee wanataka malwa matangani. Tuiweke?

Kwa maoni yangu, msiiweke. Najua uzito wa ninachokisema. Kwetu mashariki chungu cha malwa ndicho kinachokusanya wazee, na kuna wanaoamini kwamba marehemu asipomwagiwa kidogo chini haendi kwa amani. Sikulelewa kudharau mambo hayo.

Lakini nimekaa kwenye matanga ambayo ndugu watatu wa marehemu walikuwa wamelewa kabla kaburi halijafukiwa, na mmoja wao akaanguka juu ya udongo mbichi. Watoto wa marehemu walikuwa wakitazama. Kilichomuua baba yao kilikuwa kikigawiwa kwa jagi.

Tulichofanya sisi: wazee walipewa funda la kumwaga chini, likamwagwa, maneno yakasemwa, chungu kikaondolewa. Usiku tuliwapa chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha na bushera isiyochacha, kile kinywaji cha nafaka. Wawili walinung'unika wakaondoka saa tatu. Wengine wakakesha nasi mpaka asubuhi.

Hospitali imeandika "ini". Pombe inahusikaje?

Ini ndilo linaloisafisha pombe kutoka kwenye damu. Likichomwa kila siku linapata makovu, na mwisho linakuwa gumu, limejaa vinundu. Damu inayopaswa kupita ndani yake inakosa njia, inarudi nyuma. Ndipo tumbo linajaa maji huku mikono na miguu imekonda, macho yanakuwa ya manjano, na mishipa ya koo la chakula inavimba kama mirija iliyozidiwa na maji. Ikipasuka, mgonjwa anatapika damu. Kaka alitapikia kwenye beseni la bluu la kufulia. Mwanzoni ilikuwa nyeusi kama machicha ya kahawa, halafu nyekundu. Tulipofika hospitali, mtu wa zamu alinusa, akasema huyu ni mlevi, apumzike kwanza kwenye benchi. Alipumzika kwenye benchi kwa muda wa saa mbili. Jina la hospitali hiyo silitaji, kwa sababu nataka ulibebe jambo lenyewe: mnapompeleka mgonjwa wa namna hii, maneno ya kwanza yawe "anatapika damu". La pombe lifuate baadaye.

Jambo la kufanya sasa: homa ya ini aina ya B iko nchini, hasa kaskazini na West Nile, kule kaskazini-magharibi, na ikikutana na pombe ndani ya ini moja maangamizi huja upesi. Inaambukizwa nyumbani na kwenye ndoa. Mjane, watoto na ndugu waliolala naye chumba kimoja wapimwe. Ambaye hana achanjwe.

Mkitaka cheti cha kifo, usajili unafanywa na mamlaka ya vitambulisho, NIRA. Aliyefia hospitali, hospitali inatoa taarifa. Aliyefia nyumbani, mnaanzia kwa mwenyekiti wa LC1. Msikiache kwa sababu ya aibu ya kilichoandikwa humo. Mtakihitaji kwa mirathi.

Alikunywa usiku mmoja tu akafa, na wenzake ni wagonjwa. Ni pombe gani hiyo?

Huenda waragi ilikuwa na methanoli. Ni kileo cha viwandani ambacho baadhi ya wauzaji huongeza ili ikolee. Hakina harufu ya kukuonya. Dalili huchelewa, mara nyingi nusu siku au zaidi: kichwa, tumbo, kutapika, kisha macho kuona ukungu au kama theluji ya televisheni, kisha upofu, kisha kifo. Mwaka 2010, Kabale na wilaya nyingine za magharibi zilizika zaidi ya watu 80 kwa waragi ya namna hiyo.

Hapa msisubiri mazishi yaishe. Kila aliyekunywa naye aende hospitali leo, hata kama anajisikia mzima, maana dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi. Chupa au kibuyu kilichobaki kifungwe vizuri kipelekwe polisi. Mwenyekiti wa LC1 apige mbiu mtaani.

Kuna wanaosema amerogwa.

Sitagombana na mfiwa juu ya anachokiamini. Nauliza tu: mkishampata mchawi, mtoto wa kiume wa marehemu mwenye miaka 16 atakuwa salama na waragi? Muda wenu upelekeni kwa huyo mtoto.

Watoto tuwaambieje?

Waambieni ukweli kwa kadiri ya umri wao, na mapema, kabla hawajaambiwa na watoto wenzao kisimani.

Mdogo wa miaka mitano anatosheka na: "Baba alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulimfanya anywe pombe, na pombe ikaharibu tumbo lake. Amekufa, hatarudi. Si kosa lako." Hayo ya mwisho yarudieni, hata kama hajauliza. Binti wa kaka, miaka saba, alikaa wiki nzima bila kula vizuri. Nilipomkalisha akaniambia kwamba siku moja alikataa kwenda kumwita baba kilabuni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa amehesabu kwamba hiyo ndiyo siku iliyomuua.

Wakubwa wanahitaji zaidi: kwamba ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo, kwamba kwao wao glasi ya kwanza ina hatari kubwa kuliko kwa rafiki yao, na kwamba kuchelewa kuanza kunasaidia sana. Msiwaambie "ukinywa utakufa kama baba yako" kila wanapokosea. Kijana akitukanwa kwa jina la marehemu huenda kumtafuta marehemu huko huko alikokuwa.

Na mwacheni mtoto amsifu baba yake. Kama alikuwa anajua kutengeneza magari ya waya, aseme.

Wenye kilabu wameleta madeni, na kuna mtu anasema aliuziwa shamba.

Siku ya mazishi hutangazwa kwamba anayemdai marehemu awaone wanafamilia. Wataonekana. Andikeni kila dai, jina, kiasi, shahidi, msilipe hata shilingi siku hiyo. Deni huwa juu ya mali aliyoiacha marehemu; mjane hachukuliwi kuku wake kwa sababu ya madaftari ya kilabu.

Shamba ni jambo zito zaidi. Wanunuzi wengine huwavizia walevi. Karatasi inasainiwa saa tano usiku juu ya kreti ya bia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka idhini ya mke au mume kabla ya ardhi ambayo familia inaishi juu yake au kuitegemea kwa chakula kuuzwa. Kama mke hakukubali, kuna pa kusimamia. Pelekeni kwa LC, kisha kwa mwanasheria, kabla mnunuzi hajaweka mipaka.

Kuhusu urithi pale ambapo hakuna wosia, sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022: asilimia 20 kwa mke au mume aliyebaki, 75 kwa watoto, 4 kwa ndugu wengine waliomtegemea, 1 kwa mrithi wa kimila. Nyumba ya familia hutengwa kwa ajili ya mjane na watoto. Kwa hiyo shemeji anayekuja na kufuli wiki ya pili kwa kisingizio kwamba "huyu mwanamke ndiye aliyemfanya anywe" hana sheria upande wake. Maneno hayo wajane wengi wameambiwa, na sijawahi kuona hata mmoja ambaye yalikuwa kweli kwake.

Mdogo wake naye anakunywa. Tumpeleke wapi?

Mnaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa: Mbale, Soroti, Arua, Gulu, Mbarara na kwingineko kuna vitengo vya afya ya akili, na pombe ni kazi yao. Kwa kesi ngumu kuna Butabika, upande wa mashariki wa Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955. Ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Wengine husita kwa sababu ya jina, kwa kuwa tangu utotoni "kupelekwa Butabika" ni tusi. Kaka alikataa kwa sababu hiyo hiyo, na sisi tukamwachia. Katika yote tuliyoyakosea, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Tangu mwaka 2001 wodi za kawaida za serikali hazitozi ada. Bado mtanunua baadhi ya dawa zikiisha stoo, na mtahitaji mtu wa kumuuguza. Mkitafuta kituo cha binafsi, ulizeni mambo mawili: je, kuna daktari wa kusimamia siku za kwanza za kukata pombe? Na je, akitoka atafuatwa vipi? Kituo kinachofunga watu kwa minyororo au kuwanyima chakula, ondokeni.

Baada ya dawa kinachomshikilia mtu ni watu. Kampala kuna mikutano ya Alcoholics Anonymous, umoja ulioanza Marekani mwaka 1935, ambako walioacha hukaa na wanaotaka kuacha. Kwetu hapa tuna wanaume wanne tu wanaokutana Jumamosi chini ya mwembe. Mmoja wao ni wa wale wawili waliomfuata shemeji nyuma ya nyumba.

Akianguka tena, msiseme "tulijua". Kuanguka ni sehemu ya ugonjwa huu kama homa inavyorudi. Mrudisheni.

Kwa nini serikali haizuii?

Imejaribu kwa vipande. Sheria ya enguli, yaani waragi ya kienyeji, ya miaka ya 1960 ilikataza kutengeneza bila leseni, na bado mitungi inachemka kando ya kila mto. Vifuko vidogo vya waragi, ambavyo mtoto wa shule aliweza kuvificha kwenye soksi, vilipigwa marufuku mwaka 2019. Sasa kuna vichupa. Mwaka 2023 Sarah Opendi, wakati huo mbunge wetu wa wanawake wa wilaya ya Tororo, alipeleka bungeni muswada wa kuweka saa za kuuza pombe. Kwa kweli, ukishafiwa utapenda kuwa na mtu wa kumlaumu aliyeko mbali. Mimi naanza na duka la pale kona, lililokuwa likimfungulia kaka saa kumi na moja alfajiri.

Vitu vyake tufanye nini?

Msiharakishe. Nguo zigawiwe kwa desturi ya kwenu. Simu msiifute, mna siku mtakayotaka kusikia sauti. Na jiandaeni, kwa sababu mtakuta chupa. Zitatoka kwenye mfuko wa koti, ndani ya gumbuti, chini ya kuni, mahali mlipopafagia mara mia.

Sisi tuliipata ya mwisho mwezi wa sita. Fundi alikuwa anabadilisha bati la jikoni akaikuta juu ya boriti: chupa ya soda ya plastiki, nusu imejaa, kifuniko kimefungwa kwa mshipi wa mpira wa baiskeli jinsi yeye alivyokuwa akifunga kila kitu. Fundi akaniletea mimi. Kabla sijaificha, mama akanyosha mkono. Akaufungua ule mpira taratibu, akainusa, akakaa nayo mapajani kama dakika tano. Hakulia. Akaniambia nimshike mkono, tukaenda mpaka nyuma ya choo, akaimwaga mwenyewe mpaka tone la mwisho.

Chupa akaitupa. Ule mpira ameufungia kwenye mkebe wa chumvi.